Nyumba mbili, mita moja: fundi alitaka kubana waya mbili tundu moja, nikamkatalia

Kamwene wakuu. Sitii chumvi hapa, mashahidi ninao, na mmoja ni huyo fundi mwenyewe.

Ni mwaka ule mchele ulipanda bei, sisi watu wa Rujewa tukauza mpunga hadi wa kula, wenyewe tukala makande mpaka Krismasi.

Kwa hela hiyo mwanangu akajenga nyumba nyuma ya kwangu. Binti yake, Neema, akanunua friza ya kuuzia mtindi.

Umeme uko kwangu tu.

Akaletwa fundi kutoka Chimala. Suruali imejaa mifuko, kichwa kimejaa majibu. Akasema ni dakika kumi: anakata lakiri, ule muhuri wa mita, anabana waya wa pili kwenye tundu lile lile la waya wangu, unakwenda moja kwa moja kwenye bodi ya nyumba ya nyuma.

Mimi darasa la nne sikumaliza. Ila kukamua najua. Ukiwaachia ndama wawili chuchu moja, hakuna anayeshiba, na chuchu inachanika.

Nikaweka kigoda chini ya mita, nikakaa.

"Chuchu moja ndama mmoja. Waya wa pili hapo hauingii, na mimi siondoki."

Fundi akacheka. "Bibi, umeme umesomea wapi?"

"Zizini. We umesomea wapi, mbona hata kupima hujapima?"

Neema karibu alie. "Bibi, maziwa yatachacha!"

"Si unauza mtindi? Yaache yachache."

Hapo hata fundi alikaa chini kwa kicheko.

Mwanangu akamwita fundi mwenye leseni kutoka Iringa. Akasema nyumba ingeungua: waya mbili tundu moja hazikaziki, zinalegea, zinachemka, zinawaka. Na lakiri ni ya watu wa umeme, haiguswi.

Wakaarifiwa, wakakagua. Baada ya mita likafungwa boksi la kugawia: swichi kubwa moja, halafu kila nyumba breka yake ya kukata umeme ukizidi, waya wake mnene, na ethi, waya wa kuingia ardhini.

Friza inanguruma mpaka leo. Yule wa Chimala anakuja kunywa mtindi, ananiita Profesa. Naitika.

Wakuu, msimwogope mtu kwa sababu kashika bisibisi. Muulizeni mpaka atoe jasho. Kwenu mmegawaje? Semeni, hata wa kunicheka karibu.

Niwaache, mkwe wangu kaja na mashine ya kuchomelea, anataka kuibana "kidogo tu" kwenye breka ya friza. Nimeshakaa, nimeshamwambia:

Chuchu moja ndama mmoja. Waya wa pili hapo hauingii, na mimi siondoki.