Simu ya Kato Mkononi Mwangu

Kato, dereva wa boda wa hapa mtaani kwetu Gurei, alikuwa na desturi moja. Kabla ya kuwasha pikipiki alimpa abiria simu yake. "Shika, mama, mpaka tufike." Wenzake wa stegi, kituo chao cha boda, walimwita Padri. Mimi naogopa hata kuvuka barabara, kwa hiyo nilipanda ya kwake tu.

Stegi ina sheria: ukiendesha na simu sikioni, unakaa nje miezi mitatu. Akina mama ndio tulioidai, na mimi niliongea kuliko wote.

Mwezi wa Machi binti yangu Nyagach alikuwa anarudi kutoka Nairobi. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji, akapiga ya Kato tukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege.

"Mama, askari wametuhamisha upande mwingine. Mpe Kato nimwelekeze."

"Wacha nisimame kwanza," Kato akasema.

"Usisimame, mtoto anangoja. Sikiliza tu."

Nikaisukuma simu ndani ya kofia yake ya pikipiki, sikioni. Akainamisha kichwa ili asikie. Angella, muuza makaa, alikuwa anavuka na gunia. Tulimgonga, akavunjika mkono.

Kesho yake Nyuon, mwenyekiti wa stegi, alimwuliza Kato mbele ya watu: "Simu ilikuwa wapi?"

"Sikioni."

"Leo Padri ameungama," mmoja akasema, wakacheka.

Kato hakunitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Wakamtoa stegini, na siku zilizofuata nilimwona akisukuma mkokoteni wa maji mbele ya nyumba yangu. Alinisalimu kama kawaida, nami nikawa najifungia ndani nikisikia magurudumu. Siku ya kumi na moja nikaenda kwa Nyuon.

"Mkono ulioshika ile simu ni wangu. Yeye alitaka kusimama, nikamkataza."

"Siku kumi na moja, mama?"

"Ndiyo."

Akakuna kidevu. "Lakini sheria ni ya dereva. Ya abiria hatukuandika."

"Basi andikeni. Anayemlazimisha dereva, asibebwe miezi mitatu."

Wakaandika, wakamrudisha Kato siku hiyohiyo. Jina la kwanza chini ya sheria mpya ni langu.

Sasa naenda sokoni kwa miguu. Kwa Angella napita kila Jumamosi kumfulia. Huwa ananisukumia beseni kwa mguu. Jana Kato alinipita, akapiga honi kidogo. Nyuma yake alikaa mama mwingine, ameishika simu kwa mikono miwili.