Amu Anataka Nilifute Jina la Ayeeyo

Assalaam aleikum. Admin, jina langu lisionekane tafadhali, huku kwetu watu wanajuana.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 31, naishi Waberi hapa Garissa. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na kaka yake. Amu huyu ndiye aliyekataa niozwe nikiwa darasa la saba, akanisomesha. Nampenda sana, na ndiyo maana jambo hili linanitesa.

Zahanati yetu imejengewa wodi ya kujifungulia. Amu ni mwenyekiti wa kamati, mimi katibu, mwanamke peke yangu. Tulipokutana kuchagua jina la wodi, mzee mmoja akamtaja ayeeyo, yaani nyanya yangu, mama mzazi wa amu. Ayeeyo alikuwa mkunga tangu enzi za kuhamahama na ngamia. Amezalisha wanawake vibandani, njiani, kwenye mvua. Hata wanakamati kadhaa walipokelewa na mikono yake. Wote wakakubali, nikaandika, wakatia saini. Amu pia.

Wiki iliyofuata akaniita. "Adeer," akaniambia, maana sisi amu na mtoto wa nduguye huitana hivyo, "andika upya zile kumbukumbu. Weka jina la marehemu baba yangu."

"Lakini babu alimkataza ayeeyo kazi ile. Wewe mwenyewe ulinihadithia."

"Wanaume wananicheka sokoni! Eti nimembandika mama yangu ukutani kama jina la duka."

Nikaenda kwa ayeeyo. Siku hizi haoni. Nilidhani ataniambia nitii tu. Akasema, "Wallahi mimi sikuomba ukuta. Lakini usiandike uongo. Kama mwanangu ananionea haya, aje aniambie mwenyewe."

Nilimfikishia amu maneno hayo. Jana baada ya swala ya Ijumaa akaja kwa ayeeyo. Nilikuwa namimina chai. Akamuuliza mama yake habari za miguu, akainuka bila kugusa kikombe wala kutaja wodi. Mlangoni akaninong'oneza, "Fundi wa rangi anakuja Jumatatu. Usipoleta kurasa mpya, usiniite amu tena."

Tena kuna jirani yangu, mimba yake ina miezi minane. Watoto wawili wa kwanza aliwazalia nyumbani, mmoja akafa. Zahanati anaiogopa. Juzi aliniambia, "Ikiwa ni wodi ya ayeeyo, nitaingia." Nilimuahidi kuwa ndivyo itakavyoitwa.

Mume wangu anasema nijiuzulu, mwingine aandike, nibaki na amani yangu. Amani gani? Nikikataa, nampoteza aliyekuwa baba kwangu. Nikikubali, ni mkono wangu huu utakaomfuta ayeeyo, naye yu hai, anasikia kila kitu.

Leo Jumamosi, kitabu cha kumbukumbu kiko mapajani. Dada zangu, na nyinyi kaka mliolelewa na amu zenu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nisaidieni kabla ya Jumatatu.