Stima Haikuwa Imepotea

Mwenye ploti yetu hapa Kawangware, Mama Njeri, huzima stima ya ploti nzima akisikia kuna mpangaji anapika kwa jiko la koili. Kwa hivyo kompyuta yangu mpya ilipoingia giza tena mbele ya wanafunzi, katika chumba nilichokodi kwake kufundishia kompyuta, nilikimbia mlangoni kwake nikafoka, "Rudisha stima! Mimi sipiki, nafundisha!"

Akanifuata darasani. Balbu ilikuwa inawaka. Akaweka kikapu chake cha kiondo mezani, kikasukuma mausi, na skrini ikaamka. Kumbe mashine ilitoka kiwandani imepangwa kulala ukiiacha kidogo! Nani aliwaomba hao watengenezaji?

Wanafunzi walicheka hadi machozi. Mama Njeri akavuta kiti, akaketi mbele kabisa.

"Haya mwalimu, tufundishe vile inakatazwa kulala."

"Sijui, Mama."

"Basi niandikishe niwe mwanafunzi. Tutatafuta pamoja."