Blanketi Katikati ya Boti

Wazungu wa Naivasha walikuwa na ugonjwa mmoja ambao sijauona kwa watu wengine. Mtu anapanda boti ndogo, anazunguka ziwa wiki nzima, haendi kumwona mtu wala kuuza kitu, akishika samaki anamrudisha majini, halafu anarudi pale pale alipotoka, amechomwa na jua na anafurahi. Mzungu wangu, yule aliyeniajiri, ugonjwa huo ulikuwa umemshika vibaya, na mara mbili kwa mwaka tulifunga turubai, sufuria na debe la petroli, tukaenda kulala kwenye maji kana kwamba hana nyumba.

Mimi nilizaliwa Nakuru, kwenye landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi. Maji niliyoyajua ni ya mfereji, na lile ziwa letu la magadi ambalo hata ng'ombe hulikataa. Injini nilifundishwa gereji. Lakini kwa kuwa wazazi wangu walitoka magharibi, mzungu aliamua kwamba watu wa huko wote huzaliwa wanajua boti. Sikumsahihisha. Kazi ilikuja na nyumba, na mimi nilikuwa nimeoa. Nikawa nahodha, mpishi, fundi wa injini na mtu wa kulaumiwa.

Haya ninayosimulia yalitokea katikati ya miaka ya hamsini, mvua ilipokataa kwisha. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa amekufa siku mbili baada ya kuzaliwa, hata jina hatukuwa tumempa. Mke wangu hakunilaumu, wala hakumlaumu mtu. Siku moja tu, akimenya viazi, aliniambia bila kuinua kichwa, "Huyu simzai bila mama." Nikaandika barua nyumbani usiku huo huo, nikamwahidi mke wangu kwamba mama atafika kabla ya uchungu. Ile ahadi niliitoa haraka sana, jinsi wanaume tunavyozitoa.

Mama mkwe akapanda treni, akateremka Naivasha Jumatatu asubuhi. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya ziwa, upande wa vilima vya Olkaria vinakotoka mvuke, na barabara ya kwenda huko ilikuwa imebebwa na maji. Lori la shamba lilikuwa limezama kwenye matope mpaka ekseli. Mzungu alikuwa Nairobi anang'olewa meno, na alikuwa ameniruhusu kutumia boti. Nikamwambia mke wangu ni masaa manne tu, kwenda na kurudi mchana huo huo.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Ni heshima, na ni heshima nzuri sana ukiwa na shamba la kukimbilia. Boti yangu ilikuwa na urefu wa futi kumi na sita.

Alifika gatini na kapu lenye kifuko cha unga wa wimbi, mwavuli, na kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu. Alinisalimu akiwa nyuma ya mwavuli, nami nikaitikia nikiangalia miti. Ilikuwa Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, kwa hivyo askari wa gati alitaka kuandika jina la abiria. Jina la mama mkwe halitamkwi na mkwe. Nikasema, "Mama." Akauliza, "Mama nani?" Nikasema, "Mama wa mke wangu." Akaniangalia vile wanavyoangalia walevi, akaandika hivyo hivyo.

Shida ya kwanza ilikuwa pa kukaa. Mwenye usukani hukaa nyuma na kutazama mbele, na mbele yangu ndipo pangekuwa na mama mkwe. Akikaa ananielekea, tunatazamana. Akinipa mgongo, nitautazama mgongo wake masaa mawili, na hilo alilikataa kabla sijalisema. Mimi kukaa mbele sikuweza, injini iko nyuma. Tukasimama pale, yeye na mwavuli, mimi na miti, mpaka akatoa blanketi lake la kijivu na kumwambia kuku, "Mwambie huyo mtu alifunge hili katikati."

Nikalifunga. Kamba huku, kamba kule, blanketi likasimama katikati ya boti vizuri kabisa. Heshima ikawa imekamilika, na mimi nikawa sioni mbele hata kidole.

Ningesema hapana. Mtu mwenye akili angesema hapana. Lakini ningeanzaje kumbishia mama wa mke wangu siku ya kwanza, tena mbele ya askari? Nikawasha injini. Tukaenda kandokando ya ziwa, kwa sababu katikati upepo wa mchana huamsha mawimbi ya kuzamisha boti. Yeye ndiye akawa macho yangu, mwanamke aliyekuwa hajawahi kukanyaga boti maishani.

"Kuku, mwambie kuna miti."

"Kuku, muulize mama miti iko mkono gani," nasema mimi.

"Mwambie ni ule mkono wa kulia chakula."

Tulisafiri hivyo kama saa moja, na kwa kweli si vibaya. Viboko wawili tuliwapita salama, ingawa yeye aliwaita mawe mpaka mmoja akapiga mwayo. Halafu akamwambia kuku kuna njia nzuri ya maji, imenyooka, ina nyasi huku na huku. Nikaingia.

Aliyekaa Naivasha anajua kwamba yale mafunjo marefu ya kandoni hayana mizizi ya kuaminika. Kisiwa kizima cha mafunjo hung'oka na kutembea na upepo, na njia uliyoingilia asubuhi ukiitafuta saa sita haipo. Mimi nilijua. Ningeona, nisingeingia. Propela ilimeza majani, injini ikakohoa na kuzima, na nilipoinuka kuangalia nyuma, mafunjo yalikuwa yanajifunga taratibu, hayana haraka.

Tulikaa humo siku mbili. Nilisukuma kwa mti mpaka mti ukavunjika. Niliingia majini kukata majani kwenye propela, moyo mkononi kwa ajili ya viboko, nikawasha, tukaenda hatua tano, ikameza tena. Na wakati wote huo blanketi liko mahali pake. Tulilala kila mtu upande wake. Ugali alipika kwa stovu ya mzungu iliyokuwa botini, akanipitishia sahani chini ya blanketi bila kuonyesha hata kucha. Jumanne unga ulipobaki wa kulamba, mkono ulipitisha kuku. Nikamchinja, nikampitisha. Aliporudi ameiva, firigisi ilikuwa juu ya sahani yangu, pale anapowekewa mwenye nyumba. Nilikula nikiona aibu. Mtu wa kutusemea tulikuwa tumemla, kwa hivyo jioni hiyo hatukusema kitu.

Siogopi kusema kwamba nililia kidogo, upande wangu. Nilikuwa nahesabu siku za mke wangu na kila hesabu ilikuwa inaishia jana.

Jumatano, upepo wa mchana ulianza mapema na nikasikia mafunjo yanasogea. Pengo lingefunguka mahali fulani, kwa dakika chache, na kuliona ilibidi nione pande zote. Nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe, bila kupitia kwa kiumbe chochote, "Mama, tukiliacha hili blanketi hapa lilipo, mtoto wako atazaa peke yake."

Nikadhani nimeharibu, nimetukana ukoo mzima. Kisha kamba ya kwanza ikalegea, na ya pili. Blanketi likaanguka, na kabla sijageuza macho alikuwa amelivuta na kujifunika lote, kichwa mpaka miguu. Akakaa pale mbele kama gunia la viazi linaloenda sokoni.

"Endesha," gunia likasema.

Pengo lilifunguka mkono wa kushoto. Nilipita humo na injini inalia vibaya, tukatokea kwenye maji meupe, na sikuzima mpaka nikaona bati la nyumba yetu.

Mke wa mchunga ng'ombe, jirani yetu, alikuwa ufukweni anafua. Aliinuka. "Umechelewa, baba," akasema. "Amezaa jana asubuhi. Msichana. Wote wazima."

Mama mkwe alitupa blanketi, akaruka boti ikiwa bado kwenye maji ya mapajani, akanipita bila kujificha na kwenda mbio nyumbani, mwanamke wa umri ule.

"Mke wako ni mgumu," jirani akaniambia huku anakamua nguo. "Tangu uchungu ushike mpaka mtoto atoke, hakutoa sauti. Nilimwambia, lia mama, hakuna anayekusikia. Akauma leso tu." Nikaanza kujivuna, mjinga mimi, kwamba nimeoa mwanamke jasiri, na kwamba mambo yote yameenda sawa hata bila mama.

Ndipo nikasikia sauti ya mke wangu kutoka ndani ya nyumba. Aliita "Mama" mara moja tu, kisha akalia. Hakulilia uchungu wa jana, ule ulikuwa umekwisha. Alimlilia yule wa kwanza, kwa sauti, kwa jina ambalo sikujua kwamba alikuwa amempa. Nilikuwa mume wake mwaka wa nne, kaburi lile tulilichimba pamoja, na kilio kile mimi sikuwahi kupewa.