Magongo ya Mkunazi wa Darsait

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumba yetu ya Darsait ilikuwa na watu watatu: bibi yangu, ami Nassor na mimi. Tulikuja Maskati kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, baba yangu tukamwacha kaburini huko. Ami ndiye mtoto pekee aliyemsalia bibi.

Ami alikuja na gongo lake la hoki. Akakusanya vijana waliotoka kwetu, wakaokota mawe katika wadi, ule mto mkavu nyuma ya nyumba, mpaka ukapatikana uwanja. Bibi akawashonea fulana kwa mashuka aliyokuja nayo. Ijumaa baada ya sala ya alasiri walicheza wakicheka, na wamo ambao hawakuwa wamecheka tangu tushuke melini.

Lakini gongo la kweli lilikuwa hilo moja tu. Mengine yalikuwa vigongo vya mtende, vikivunjika kila wiki. Ukingoni mwa wadi palikuwa na mkunazi mkubwa wa mti mgumu, na majirani walituonya kwamba una majini, haukatwi tawi bichi. Bibi aliamini, Unguja nako tulikuwa na miti yetu. Ami alipochukua shoka, bibi alimsimamisha mlangoni.

"Nassor, mti ule una wenyewe. Ukiukata, usije ukanililia mimi."

Ami akambusu kichwa, akaenda zake. Wakapata magongo kumi.

Mechi ya kwanza walicheza na vijana wa Matrah, wakashinda. Karibu na mwisho mpira ulimpiga ami nyuma ya sikio. Akaanguka, akainuka, akamaliza mchezo. Magharibi nilimkuta uani ameinama, anatapika.

"Kichwa kinanigonga," akaniambia. "Usimwambie bibi yako. Keshasema nisimlilie."

Alisema akitabasamu, nami nikaona fahari kupewa siri na mtu mzima. Siku mbili akawa anamwambia mama yake ni uchovu tu. Bibi akaniuliza na mimi, nami nikajibu hivyo hivyo. Asubuhi ya siku ya tatu ami hakuamka.

Wenzake waliyachoma yale magongo pale pale uwanjani, na kilabu ikafa kabla hata haijapewa jina. Kila aliyekuja kutupa mkono wa pole, bibi alimwambia polepole kwamba alimkataza, na wenye mti wamemchukua.

Nilipokua nikawa muuguzi, nikafahamu kuwa damu ilimvujia kichwani. Daktari alikuwapo Matrah, si mbali hata kwa punda. Labda angemwokoa, labda asingeweza. Mara nyingi nilikaa na bibi nikataka kumweleza, nikashindwa. Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe alinyamaza kwa ajili ya neno lake, na kwamba mimi nilijua? Bibi akafariki hajui.

Siku hizi wajukuu zangu wakiniuliza kama kweli mkunazi una majini, wao hucheka, mimi siwezi. Imani ile ilimpa bibi pahala pa kuuweka msiba wake, usimwangukie yeye mwenyewe. Mimi nimesoma, nikajua zaidi yake, na wangu sijapata pa kuuweka.