Mlango wa Libuyu

Miaka ile waasi walipoishika Butembo, watu wa avenyu moja, mtaa wa Kimemi, hawakuwa na silaha isipokuwa sufuria. Nyumba ya kwanza kuona wenye bunduki wakipanda kilima iligonga sufuria kwa mwiko, ya pili ikapokea, ya tatu ikapokea, mpaka mtaa mzima ukalia, na mara nyingi wezi wenye sare waligeuka wakatafuta pengine. Aliyegonga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Kavira Agar, mjane, muuza unga wa muhogo na mwimbaji wa kwaya ya mama katika kanisa la Kiprotestanti. Walimwita Mama Sagesse, kwa jina la binti yake wa pekee.

Kisha akaja Malachie. Alishuka kutoka Masereka na Biblia isiyo na jalada, akahubiri neno moja la Ufunuo: tazama, nimekupa mlango uliofunguliwa, ambao hapana awezaye kuufunga. Aliowapata wakajiita Watu wa Mlango Wazi. Mwenye kuingia aling'oa mlango wa nyumba yake akampelekea, asifunge tena, asigonge sufuria tena, kwa sababu anayefunga nyumba amemwambia Mungu kwamba ni mlinzi mbaya. Milango ililazwa chini katika parseli ya Malachie, uani kwake, mmoja juu ya mwingine, na waumini wakaikalia wakiomba.

Agar alicheka. Alicheka hadi Jumapili aliyopita kwa binti yake na kuikuta nyumba imeachama. Mlango ule marehemu mume wake aliuchonga kwa mbao za libuyu kutoka pori la Beni, akawapa siku ya ndoa yao. Mkwe wake, Zorobabel, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, alisimama uani, macho chini, kama mkwe anavyopaswa kusimama mbele ya mama wa mke wake.

"Mulango iko wapi?"

"Mama, tulitolea Bwana."

"Bwana hana mulango? Kule mbinguni anafungaka na pazia?"

"Mama, usikufuru."

"Nakufuru! Bibi yako ana mimba, basoda banalewa pale rond-point kila siku, na ni miye nakufuru! Sagesse, na wewe unasema nini?"

Sagesse alikuwa akichambua maharage. Hakuinua kichwa. "Mama, huyu njo bwana yangu. Niseme nini?"

Agar akaenda moja kwa moja kwa Malachie. Njiani aliomba amkute mwizi, mtu anayeuza mbao za watu na kulala nyuma ya mlango wa chuma. Hasira yake ingepata pa kukaa. Alimkuta mtu mwembamba katika nyumba isiyo na mlango wala godoro, jicho moja limevimba. Askari wa waasi walikuwa wamepita kwake pia.

"Karibu, mama. Hapa hatubishake hodi."

"Sikukuya kukaribishwa. Nipe mulango ya mutoto wangu."

"Ile pale. Mais nikikupa, nimemufungia Bwana."

"Na hiyo jicho, nani aliipiga?"

"Nilimusamehe."

"Ulisamehe ya kwako! Mutoto wangu hapana wa kwako, usisamehe juu yake!"

Waliokaa juu ya milango wakaanza kuimba ili asisikike. Agar alitoka. Mwizi ungemshtaki. Huyu ungemfanya nini? Alikuwa anaamini kila neno alilosema, na kwa kuamini kwake watoto wa watu walikuwa wakilala wazi kama mizigo sokoni.

Wiki ile Ananie, mkubwa wa avenyu, aliita mkutano. Watu walikuwa wamechoka. Askari walikwisha kujua nyumba zilizo wazi. Waliingilia huko, wakaruka ua, wakatokea kwa jirani. Abdias, muuza nyama, alitaka parseli ya Malachie ichomwe moto. Agar akasimama.

"Hapana kuchoma. Asiyegonga, asigongewe! Basoda bakiingia kwao, tunyamaze. Bataona baridi, batarudisha milango yao benyewe."

Wakapiga makofi. Agar alikuwa akimlenga Zorobabel. Alidhani habari itamfikia, ataogopa, na kabla ya Jumapili mlango utakuwa umerudi. Habari ilimfikia kweli. Zorobabel akafunga siku nzima bila kula, akamshukuru Mungu kwa kumjaribu.

Askari walikuja mchana, katika mvua. Agar alikuwa mlangoni akichekecha unga alipoona makoti yao yakikata kona ya kwa Sagesse. Akanyakua sufuria akagonga. Hakuna aliyepokea. Akagonga tena, mwiko ukavunjika, akagonga kwa kipande kilichobaki. Ng'ambo ya njia aliona mkono wa Abdias ukivuta dirisha polepole, na dirisha likafungwa.

Akakimbia katika matope, akigonga peke yake. Alipofika walikuwa wanamaliza. Blanketi zimefungwa, mbuzi amefungwa, na Zorobabel ametwishwa gunia lao mabegani. "Pasteur, mema!" walimcheka kwa Kilingala, beba! Sagesse alikuwa ameketi pembeni, mdomo umepasuka, mikono yote miwili juu ya tumbo. Askari mmoja alimtazama Agar na sufuria yake.

"Mama, unapikia nani?"

Wakacheka wote, wakaondoka na mkwe wake kuelekea barabara ya kusini.

Jioni Ananie na Abdias walikuja kutoa pole.

"Mvua ilikuwa mingi, mama. Hatukusikia."

"Abdias, nilikuona unafunga dirisha."

Abdias alikuna shingo. "Eh, Mama Sagesse. Ni wewe ulisema. Siye tulifuata."

Neno hilo lilimchoma kuliko kicheko cha askari. Aliwafukuza wote wawili.

Asubuhi aling'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Aliufunga kamba, akaipitisha kamba kwenye paji la uso kama mtu anayetoa muhogo shambani, akaubeba mgongoni hadi kwa binti yake. Akapigilia bawaba kwa nyundo ya marehemu, na Sagesse akamshikia misumari. Ndani wakaweka gogo la kukomea.

Sasa nyumba iliyoachama ilikuwa ya Agar. Mbao mpya hazikupatikana. Njia ya Beni ilikuwa imefungwa kwa vita. Haikuchukua muda shemasi Paulin akaja, amevaa koti lake la Jumapili.

"Mama Agar, kanisa linauliza. Kumbe na wewe uliingia kwa Malachie?"

"Shemasi! Mulango yangu iko kwa mutoto wangu!"

"Donc, iko kwa mwingine. Njo vile bote banasemaka. Uache kwaya kwanza, mpaka tuone mulango."

Abdias naye, akipita na kisu chake, alipaza sauti: "Jambo, Mama wa Mlango Wazi! Sufuria zetu hazitakulilia!" Mtaa ukacheka. Agar hakulala vizuri tena, na hakuwa na hakika anamchukia nani zaidi, nabii au majirani.

Zorobabel alirudi kwa miguu. Askari walikuwa wamemtupa ng'ambo ya Kayna, mbali kusini, alipoanguka chini ya mzigo. Mabega yake yalikuwa yamechubuka hadi nyama. Njia ilimpitisha kwanza kwa Agar, na alipoiona ile nyumba wazi, alipiga magoti katika matope.

"Haleluya! Mama, Bwana alikushinda!"

"Simama, mupumbafu we! Mulango iko kwako!"

Akasimama, akaenda mbio kadiri miguu ilivyoruhusu, na Agar nyuma yake, akiogopa asije akaung'oa. Mlango ulikuwa umefungwa. Zorobabel aliuangalia kama mtu aliyesahau namna ya kubisha hodi.

"Sagesse, ni miye. Toa hii kitu."

"Ingia," sauti ikatoka ndani, na gogo likasogezwa. Sagesse alisimama katikati ya mlango. "Ingia, kula. Mais mulango inabakia."

"Niliapa mbele ya Bwana."

"Uliapa wewe. Miye nilikuwa ndani."

Zorobabel akamgeukia Agar, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ndoa, akitafuta msaada. Hakuupata. Akainamisha kichwa, akaingia.

"Na ile ya libuyu," Agar aliuliza, "niichukue?"

"Ni ya kwangu," Sagesse alisema. "Chukua."

Agar hakwenda kwa Ananie, wala kwa shemasi. Aliteremka peke yake na kamba yake hadi kwa Malachie. Waumini walikuwa katika maombi, wamekaa juu ya mbao.

"Inukeni."

"Mama, tunaomba," nabii alisema.

"Muombe mukiwa chini. Inukeni!"

Wakainuka mmoja mmoja. Malachie alifumba macho yote mawili, lile zima na lile bovu. "Nitakuombea, mama."

"Omba. Mais kwanza shika hiyo upande, iko nzito."

Naye akashika. Mlango wa libuyu ulipoinuka, mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alibaki ameutazama ule uliokuwa chini yake.

"Hii ya chini njo ya kwangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi shika!" Agar alimfokea. "Unaniangalia nini?"