Siku Mkwe Alipofungua Kiberiti Changu

Nilikuwa nimeapa kwamba mkasa huu nitazikwa nao, lakini shida ni mke wangu Kemunto, yeye huusimulia kila tukipata wageni, na kila akiusimulia anautia chumvi yake (juzi aliwaambia watu wa kwaya eti nililia, na si kweli, macho yalikuwa yanatoka machozi kwa sababu ya kukohoa), basi nimeona heri niuandike mwenyewe, ili mkinicheka mnicheke kwa mambo niliyoyafanya kweli. Aibu yenyewe inatosha, haihitaji kuongezewa.

Mimi ni mtu wa Marani, nimesoma mpaka darasa la saba tu, na ndoto yangu tangu utoto ni kuimba, tena si kuimba hivi hivi, bali kuimba mpaka redioni. Nikiwa nakamua ng'ombe najitangaza mwenyewe, "Na sasa wapenzi wasikilizaji, sauti ya nne kutoka Kisii," ng'ombe ananitazama, mimi naendelea. Sasa mjomba wangu alipata shamba kule Nyansiongo, kwenye yale mashamba waliyoacha Wazungu, akaniomba nikamsaidie kupalilia mahindi na kuangalia ng'ombe wa maziwa. Nikaenda kwa furaha. Nilikaa misimu ya mvua nikikanyaga matope na samadi bila viatu, kwa sababu viatu nilivyokuwa navyo vilikuwa vya Sabato, na huwezi kuingia zizini na viatu vya Sabato.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nakohoa. Kikohozi kikavu, kifua kinalia kama mlango wa zizi usiotiwa mafuta, tumbo nalo likiuma kila nikimaliza kula, na mwili umechoka kama mzee. Kwenye kwaya sauti ya nne ilinishinda, nikishika noti ndefu naishia kupiga mluzi kifuani, na watoto wa mbele wanageuka kutafuta huo mluzi unatoka wapi. Hapo watu wakaanza kunong'ona. TB. Hakuna aliyenitamkia, lakini kikombe nilichonywea chai kilianza kuoshwa mara mbili.

Hayo ningeyavumilia, lakini nilikuwa nimeshaanza kumposa Kemunto, na baba yake, Mzee Nyakundi, ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na kofia safi. Alimtuma mtu aniambie hivi: "Binti yangu haendi kwa mtu anayekohoa. Kijana aende hospitali, alete jibu. Likiwa ni TB, ng'ombe wake abaki nao." Basi. Maisha yangu yote yakawa yanangoja hilo jibu.

Nikaenda hospitali mjini Kisii. Daktari alikuwa kijana mpole, anaongea huku akiandika, na nilimpenda kwa sababu hakunikimbilia na neno TB kama watu wengine. Alipima makohozi, hakuona wadudu wa TB. Akapiga picha ya kifua, akaona kama mawingu upande wa kulia. Nikarudi baada ya siku kadhaa akapiga nyingine, akaona mawingu yamehamia kushoto! Akaniambia, "TB haina tabia ya kuhamahama hivi." Kisha akatoa damu, akanieleza (nami nilimsikiliza mdomo wazi) kwamba ndani ya damu kuna askari wa aina nyingi, na wako wengine ambao wakitiwa rangi wanajaa vidoadoa vyekundu kama punje za wimbi. Mtu mwenye afya hana wengi. Mimi nilikuwa nao tele.

"Hawa," akasema, "huja wengi kwa sababu mbalimbali. Pengine ni minyoo. Pengine ni mwili wenyewe unakataa chakula fulani, unapigana nacho tumboni na kifuani kama adui. Dawa zake hazifanani. Kama si minyoo, nitakupeleka Nairobi, wakuingize bomba kooni, wakate kipande kidogo cha utumbo wakitazame."

Niliposikia bomba na kukata nikasema mwenyewe kwa sauti, "Iwe minyoo, Bwana."

"Basi kesho asubuhi uniletee choo kidogo. Tia ndani ya boksi la kiberiti."

Wale wa zamani mnajua, ndivyo watu wote walivyokuwa wakibeba, na kila mtu akienda asubuhi amelifunga boksi lake kwa jani la mgomba amelishika mkononi, na hakuna anayemuuliza kitu, kwa maana jani lenyewe limeshasema. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Mimi, mtu wa redio, ningepitaje katikati ya mji na jani mkononi? Nikalitupa jani. Nikaliweka boksi kwenye mfuko wa shati, juu kabisa, kama mtu mwenye kiberiti chake na shughuli zake. Nikajiona mjanja sana!

Nilifika mapema, nikaketi kwenye benchi nje ya maabara, karibu na lile banda ambalo watu hupikia wagonjwa wao uji. Nikaanza kuota: nimepona, niko redioni, Kemunto ananisikiliza nyumbani kwangu. Katika kuota huko nikaona kofia safi mbele yangu. Mzee Nyakundi! Kumbe dada yake alikuwa amelazwa, na yeye na akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kumwona.

Nikaruka kusimama, nikamwamkia kwa Kigusii kama baba. "Bwakire, tata."

"Bwakire. Umepata jibu?"

"Ndiyo leo, tata."

"Vizuri." Halafu macho yake yakashuka kifuani pangu. "Na hicho?"

Sasa hapa lazima mnielewe. Kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni, ile haya iliyowekwa kati ya mtu na wazazi wake, na kwa wakwe ndiyo usiseme. Mambo ya chooni huyataji mbele ya baba mkwe. Hata akikuuliza unaenda wapi na wewe unaenda huko, unasema unaenda kuangalia ndizi. Kwa hiyo mdomo wangu ukatoa jibu la kwanza ulilopata.

"Ni kiberiti, tata."

"Mtu wa kwaya na kiberiti?"

"Cha... kuwashia moto."

Kutoka bandani kukatoka sauti ya Mama Kerubo, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya yetu, mama ambaye akinong'ona anasikika ng'ambo ya mto. "Mungu ni mwema! Sisi hapa kiberiti kimelowa, tunapuliza majivu tangu tufike, na mgonjwa hajaonja uji. Lete, mwanangu!"

"Hakina njiti, mama," nikasema haraka.

"Sasa kiberiti kisicho na njiti unawashia nini? Unautisha moto?"

Akina mama wakacheka. Mzee hakucheka. Alinitazama kuanzia viatu mpaka macho, nikaona kabisa vile anavyojumlisha mambo kichwani mwake.

"Ombati," akasema polepole, "wewe unakohoa. Kifua chako kinalia. Una boksi la kiberiti lisilo na njiti, na unalificha. Hiyo ni bangi?"

"Uuuwi!" Mama Kerubo akaacha mwiko. "Bangi! Na anaimba wimbo wa ushirika!"

"Si bangi, tata!"

"Ni nini basi?"

Neno lilikuwa moja tu, hata mtoto mdogo analijua, lakini mbele ya mkwe halitamkiki. Nikasema, "Ni... ni kitu cha daktari."

"Daktari ndiye anavuta bangi?"

Hapo nikafanya uamuzi wa kijinga kuliko ule wa jani. Nikakimbia. Na ninyi mnajua kifua changu kilivyokuwa, hata kona ya banda sikuifikia, mluzi ukaanza, kikohozi kikanikunja nikashika nguzo nikiwa nimeinama na machozi yananitoka (haya ndiyo yale machozi ya Kemunto). Watu waliokuwa kwenye foleni wote wamegeuka. Mzee Nyakundi akaja kwa mwendo wake wa kanisani, bila haraka, akatia vidole viwili mfukoni mwangu, akachomoa boksi. Nilitikisa kichwa, nikapunga mkono, sauti haitoki. Yeye akaona ni mwizi anayekataa kupekuliwa.

Akalifungua nusu. Akatazama. Hakutambua, kwa sababu alikuwa ameshaamua ni bangi, na mtu akishaamua macho hayamsaidii. Basi akalisogeza puani, akavuta pumzi ndefu, ndefu kabisa, kama mtu anayetafuta ushahidi wa kutosha.

Ndugu zangu! Hata wagonjwa waliacha kukohoa. Na hapo hapo dirisha la maabara likafunguliwa, Mama Atieno akatoa kichwa. Huyu alikuwa mpimaji, mama mnene wa kutoka upande wa ziwa, ambaye mambo ya ensoni yetu hayamhusu ndewe wala sikio.

"Ombati! Ombati wa Marani! Choo chako kiko wapi? Darubini iko tayari, daktari anakingoja!"

Mimi sikuwa na pumzi. Mwishowe Mzee Nyakundi, bado amelishika boksi mbele ya pua, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo:

"Kiko hapa."

Mama Kerubo aliketi chini palepale kwenye majivu. Alicheka bila sauti kwanza, mabega yakitetemeka, halafu sauti ikaja, na sauti ya kwanza ikija mnaijua. Foleni nzima ikafuata. Mimi niliomba ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Kisii ni ngumu ukitaka kitu kama hicho.

Mama Atieno akatoka, akalichukua boksi, akalichungulia. "Kinatosha. Na wewe mzee, umeshika? Ingia unawe, kuna sabuni na dawa. Usiguse kofia!"

Hivyo ndivyo mkwe wangu alivyoingia maabara pamoja nami. Alinawa mikono, akanawa tena, akanawa na pua, na wakati bado ananawa Mama Atieno akawa ameshapaka kitu chake kwenye kioo na kutazama, akaguna, akamwita daktari. Daktari akatazama, akatabasamu, akaniita.

Niliona mayai madogo, mepesi, ganda lake kama kioo, ndani yamegawanyika. Yalikuwa mazuri, nisidanganye.

"Minyoo ya safura," daktari akasema. "Huingia kwa ngozi ya miguu, kutoka kwenye udongo. Inafuata damu mpaka mapafuni, ndiyo kikohozi na yale mawingu yanayohama. Inapanda kooni, unaimeza, inashuka tumboni kukunyonya damu. Ukizidi kukanyaga matope, mingine inaingia."

Maji yakaacha kutiririka. Mzee Nyakundi aligeuka, mikono inadondoka maji.

"Daktari. Si TB?"

"Si TB, mzee."

"Haambukizi mke?"

"Hapana. Atameza dawa, atapona."

"Wala bangi?"

Daktari akashangaa. "Bangi gani?"

"Basi, endelea," mzee akasema, na akaomba naye atazame. Aliinama kwenye darubini ile muda mrefu, kofia imegeukia nyuma, na alipoinuka hakunitazama usoni (ensoni), lakini aliniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa bado una harufu ya dawa. Nilitamani kulia kwa shukrani, maana kama ningempelekea jibu hilo mwenyewe, kwa mdomo wangu, angelipokea kwa mashaka mpaka leo. Sasa alikuwa amelisikia kwa masikio yake na kuliona kwa jicho lake.

Nilimeza dawa, nikapona. Kifua kikanyamaza, noti ndefu ikarudi. Kila nikiishika namkumbuka yule daktari ambaye hakubahatisha, aliyetaka kujua kwanza, na Mama Atieno na dirisha lake, Mungu awaongezee miaka.

Siku ya kuzungumza mahari, mzee mmoja wa upande wao alisimama akauliza kama kijana huyu na ukoo wake wamechunguzwa vizuri, kama ilivyo desturi. Mzee Nyakundi akakohoa kidogo, akatazama paa.

"Wengine humchunguza mkwe kwa kuulizia majirani," akasema. "Huyu mimi nimemchunguza mpaka ndani. Hakuna haja ya kuuliza tena."

Kisha akaniletea gambuti mpya, zile buti za mpira, kutoka chumba cha nyuma, akaziweka miguuni pangu bila neno. Nimezivaa zizini tangu siku hiyo. Na daktari akiniagiza kitu, chochote kile, nakibeba mkononi na jani lake, katikati ya mji, mchana, na mtu akiuliza namjibu bila kuzungukazunguka, hata awe nani.